Aliye Juu Alishuka Mwenyewe

Wahenga walituambia aliye juu mngoje chini. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mara nyingi, na kila mara tumeielekeza kwa wenye kiburi: tajiri aliyefilisika, kiranja aliyevuliwa cheo, mchezaji aliyejisifu kabla ya mechi. Maana yake ni kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Lakini leo nataka kuigeuza methali hiyo kidogo, wahenga wanisamehe. Nataka kusimulia habari za Aliye Juu ambaye hakuna aliyemwangusha wala kumlazimisha, naye alishuka mwenyewe kwa hiari yake, akainama hadi mahali nilipokuwa nimeketi. Mahali penyewe palikuwa nyuma ya jiko la shule, karibu na rundo la kuni.

Wacha nianze mwanzo. Mimi nina kigugumizi. Herufi zinazonitesa ni b, m na k. Nikiwa peke yangu na ng'ombe wa baba, maneno hutiririka kama maji ya mfereji. Nikisimama mbele ya watu, neno hufika mlangoni mwa mdomo likakwama pale pale, halitoki wala halirudi. Nilipokuwa kidato cha kwanza, wenzangu walinibandika jina la Redio Betri, kwa sababu redio yenye betri zilizokwisha hukatika-katika. Niliitika jina hilo na kucheka pamoja nao. Mtu anayechekwa kila siku hujifunza kucheka kwanza, ili isionekane kwamba anaumia.

Kisha nikafika kidato cha pili. Jumapili moja ya muhula wa pili, kijana aliyepaswa kusoma Neno ibadani aliugua, na katibu wa Chama cha Wakristo akaniambia, "Wewe utasoma. Ni mistari kumi tu." Sikukataa. Usiku kucha nilirudia mistari ile chini ya blanketi mpaka nikaijua kwa moyo. Asubuhi nilipiga viatu rangi vikang'aa, nikapanda jukwaani, nikafungua Biblia. Mstari wa kwanza ulipita vizuri. Katika mstari wa pili palikuwa na neno Bwana.

Nilisema "B". Nikasema tena "B". Shingo ilinikakamaa na jasho likanitoka. Ukumbini palikuwa kimya, kisha nyuma kabisa mtu fulani akaigiza, "B-b-b-betri imeisha!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata walimu wawili niliwaona wakiinamisha vichwa ili wasionekane. Nilifunga Biblia, nikashuka ngazi, nikatoka nje kwa mlango wa pembeni. Sikulia. Nilitembea tu hadi nyuma ya jiko, nikaketi juu ya gogo.

Pale kwenye gogo niliandika barua kwa baba. Nilimwomba anihamishe shule, au kama haiwezekani, aniache nikae nyumbani nichunge. Nilijua kwamba karo ya muhula ule ilitokana na mtamba aliyeuzwa, mtamba niliyemjua kwa jina. Hata hivyo niliandika. Nilimwambia pia Mungu kwamba kama alitaka mtu wa kusoma Neno lake, angempa mdomo mzima. Naungama hapa hadharani kwamba nilisema hivyo, tena kwa hasira.

Kengele ya chakula cha mchana ikalia. Sikuondoka. Baadaye mlango wa jiko ulifunguka, akatoka mzee mmoja mpishi, mtu ambaye kwa mwaka mzima na nusu sikuwahi kumsalimu ila wakati wa kunyoosha sahani. Alinitazama, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na kikombe cha chai na chapati moja kubwa. Aliinama, akaviweka kando yangu juu ya gogo, naye mwenyewe akaketi chini, juu ya kuni.

"Kula kwanza, kijana wangu," akasema. "Hiyo maneno ingine itakungoja."

"Mzee, sina njaa."

"Najua. Kula tu."

Nikala. Hakuniuliza nina nini. Hakunipa mawaidha. Nilipomaliza akaingia ndani, akaniletea chapati ya pili, akasema, "Kazi ya mchana ni refu," kisha akaenda kuosha sufuria zake. Hayo tu. Barua ya baba niliikunja nikaitia mfukoni, nikasema nitaiposti kesho.

Kesho yake, kabla sijaiposti, mwalimu wa Dini aliniita afisini. Nilidhani ananiita kwa ajili ya adhabu, maana kutoka ibadani bila ruhusa lilikuwa kosa. Badala yake alivuta kiti, akanipa Biblia, akasema, "Soma Kutoka sura ya 3 na ya 4. Soma kimya kimya. Hesabu ni mara ngapi Musa anakataa kazi."

Nilihesabu mara tano. Kwanza Musa auliza yeye ni nani hata aende kwa Farao. Pili auliza watu wakitaka jina la aliyemtuma awaambie nini. Tatu asema hawatamwamini. Nne, na hapa ndipo nilipoacha kupumua, asema kwamba yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Tano, baada ya sababu zote kwisha, amwomba Mungu amtume mtu mwingine yeyote. Ndugu msomaji, huyu si mwanafunzi wa kidato cha pili. Kitabu hicho hicho, katika sura ya 7, chasema alikuwa na umri wa miaka 80 aliposimama mbele ya Farao.

Mwalimu akaniuliza, "Mungu alimjibuje?"

Nikatazama tena. Kila sababu ilipata jibu lake. Mwenye hofu alipewa ahadi ya kwamba hatakuwa peke yake. Aliyetaka jina alipewa jina. Aliyeogopa kutoaminiwa alipewa ishara: fimbo igeuke nyoka, mkono upate ukoma kisha upone, maji ya mto yageuke damu. Na yule mwenye ulimi mzito alikumbushwa ni nani aliyeumba kinywa. Alipokataa mara ya tano, Mungu alikasirika, jambo ambalo Biblia haifichi. Lakini katika hasira ile ile alimpa ndugu yake Haruni awe msemaji wake, na tena Haruni alikuwa tayari yumo njiani akija kumlaki. Yaani msaada ulikuwa umeshatoka nyumbani kabla Musa hajamaliza kulalamika.

"Lakini mwalimu," nikasema, kwa shida kama kawaida yangu, "mbona hakumponya?"

Mwalimu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hilo sijui. Naona tu kwamba hakumngoja apone ndipo amtumie. Sasa fungua mwanzo wa Kumbukumbu la Torati."

Nikafungua. Kitabu kile chaanza kwa kusema kwamba haya ndiyo maneno ambayo Musa aliwaambia Waisraeli wote. Karibu kitabu kizima ni hotuba! Yule aliyesema hawezi kusema, mwisho wa maisha yake alisema kitabu. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba ulimi wake uliponywa. Nilichoona ni kwamba aliyemtuma alivumilia ulimi ule kwa miaka 40.

Mwalimu akanionyesha na mahali pengine, 1 Wafalme sura ya 19. Eliya amewashinda manabii 450 wa Baali mlimani Karmeli. Kisha malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa kumtishia, naye shujaa anakimbia. Afika Beer-sheba, amwacha mtumishi wake, aenda mwendo wa siku moja jangwani peke yake, aketi chini ya mti, aomba afe, kisha alala usingizi. Je, Mungu alimfanyia nini? Mimi ningetarajia mahubiri makali juu ya imani haba. Kumbe Mungu alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na gudulia la maji. Malaika akamgusa, akamwambia ale. Akala, akalala tena. Malaika hakumfokea kwa kulala. Alimgusa mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilimzidi nguvu. Ndipo alipotembea siku 40 hadi Horebu, na huko Mungu akamwuliza anafanya nini hapo. Swali lilikuja baada ya chakula, si kabla.

Niliposoma hayo nywele zilinisimama. Chapati mbili! Nilimwangalia mwalimu, lakini yeye hakujua lolote kuhusu mzee wa jikoni, nami sikumwambia.

Kabla sijatoka, alinieleza jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Alisema kwamba walimu wa kanisa tangu zamani walikuwa na jina la tabia hii ya Mungu ya kujishusha. John Chrysostom, askofu wa Constantinople aliyefariki mwaka wa 407, alilitumia mara nyingi neno la Kigiriki lenye maana ya kushuka pamoja na mtu. Zaidi ya miaka 1,000 baadaye John Calvin, yule Mfaransa aliyehubiri Geneva, aliandika kwamba Mungu anaposema nasi ni kama yaya anayesema na mtoto mchanga. Yaya anajua maneno makubwa, lakini akiwa na mtoto huyaacha, akasema kitoto.

"Neno la Kilatini alilotumia Calvin," mwalimu akasema akitabasamu, "ni lile lile la mtu mwenye kigugumizi."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa nikiwa njiani kurudi darasani, nikasimama katikati ya uwanja. Mungu hugugumia! Si kwa sababu hawezi kusema, bali kwa sababu mimi siwezi kusikia. Ananisemesha polepole, kwa vipande, kama baba anayepunguza mwendo ili mtoto amfikie. Siku hiyo barua ya baba niliichana vipande vipande.

Tangu hapo nimekuwa nikiisoma Biblia kwa jicho hilo, na nimeona kwamba kuinama huku kumo tangu kurasa za mwanzo. Adamu na Hawa wanapojificha kwa aibu, Mungu ndiye anayekwenda kuwatafuta bustanini, na kabla ya kuwatoa anawavika mavazi ya ngozi, kwa sababu yale majani waliyojishonea hayakuwafaa. Hajiri, mjakazi aliyetoroka mateso ya bibi yake, afuatwa hadi kwenye chemchemi jangwani na kuitwa kwa jina lake. Gideoni aomba ishara kwa ngozi ya kondoo, na baada ya kuipata aomba nyingine kinyume chake, na Mungu akubali mara zote mbili bila kumkemea.

Tena sisi wa Chama cha Kiswahili tuna sababu yetu ya pekee ya kulipenda jambo hili. Zamani wasomi walishangaa kwa nini Kigiriki cha Agano Jipya hakifanani na kile cha wanafalsafa, hata wengine wakadhani ni lugha maalumu. Kisha katika mchanga wa Misri zikafukuliwa karatasi nyingi za mafunjo: barua za wana kwa wazazi, stakabadhi, mikataba ya mashamba. Mjerumani Adolf Deissmann alionyesha katika kitabu alichotoa mwaka wa 1908 kwamba lugha ya karatasi hizo na ya Agano Jipya ni moja. Kilikuwa Kigiriki cha watu wa kawaida, cha sokoni na jikoni. Mungu hakungoja watu wajifunze lugha sanifu ndipo awasemeshe.

Vivyo hivyo hapa kwetu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na katika miezi michache akawazika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka huo huo, muda mfupi kabla ya majonzi hayo, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa bado anajifunza. Naamini alikosea matamshi mengi, na naamini wenyeji walimcheka. Biblia ninayoisoma mimi, ile ya Union iliyochapishwa mwaka wa 1952, ilikuja baada ya vizazi vya watu waliokubali kuonekana wajinga ili wengine wasikie.

Lakini kuinama kukubwa kuliko kote ni kule kwa Yesu. Mtume Paulo awaandikia Wafilipi kwamba yeye aliyekuwa na namna ya Mungu alijifanya mtumwa, akanyenyekea hata kufa msalabani. Alizaliwa na kulazwa horini. Wazazi wake walipompeleka hekaluni, walitoa sadaka ya ndege wawili, ambayo katika Torati ni sadaka ya mama asiyeweza kununua mwana-kondoo. Usiku wa mwisho alivua vazi lake, akajifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akaosha miguu ya wanafunzi wake, kazi ya mtumwa, na Yuda alikuwa bado hajatoka. Na Petro je? Petro alimkana mara tatu akiwa kando ya moto wa makaa. Yohana sura ya 21 yasema kwamba baada ya kufufuka, Yesu mwenyewe alikuwa na moto wa makaa ufukoni, na samaki juu yake, na mkate. Aliwaita waje wale. Baada ya kula ndipo alipomwuliza Petro, mara tatu, kama anampenda. Kula kwanza, kijana wangu. Hiyo maneno ingine itakungoja.

Bwenini jirani yangu wa kitanda cha juu ni Mwislamu. Nilipomsimulia haya yote hakukubaliana nami kwa kila jambo. Aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu, sisi hatuamini kwamba Mungu alifanyika mtu. Hapo tunaachana. Lakini Musa ni nabii wetu pia. Katika sura ya Taha, Musa alimwomba Mola alifungue fundo la ulimi wake, na amsaidie kwa ndugu yake Haruni, naye Mola akamkubalia." Tulizungumza mpaka taa zikazimwa. Sikumgeuza naye hakunigeuza, lakini tangu siku ile hakuniita tena Redio Betri, na aliyeniita hivyo mbele yake alikiona.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia aibu. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa chama hiki, mono mmoja aliinuka kutoa tangazo. Alitaka kusema wageni watakwenda kula, akasema, kwa lafudhi ya kwao, "Wageni watakwenda kura." Mimi ndiye niliyepaza sauti, "Kura ni ya uchaguzi!" Watu wakacheka sana, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilionja utamu wa kuchekesha ukumbi. Kijana yule aliketi bila kumaliza tangazo lake. Mkutano ulipokwisha nilimwona amesimama peke yake kwenye mifereji, akirudia kimya kimya, "Kula. Kula. Kula."

Mcheka kilema hafi bila kumfika, na mimi kilema kilikuwa kimenifika kabla ya kucheka, nikacheka hata hivyo. Nilisimama pale nikijua kwamba kuna maneno mawili tu ninayoweza kuchagua: lile la nyuma ya ukumbi au lile la mzee wa jikoni. Nilimwendea, nikaketi kwenye ukingo wa sinki ili nisimtazame kutoka juu, nikamwambia, "N-n-ndugu yangu, nisamehe." Alinitazama akidhani ninamdhihaki. Kisha akagundua kwamba ndivyo ninavyosema. Kuanzia jioni ile tulifanya mazoezi pamoja, yeye na r zake, mimi na b zangu.

Siku ya tamasha ya chama niliteuliwa kusoma risala ya wanachama mbele ya wazazi. Baba alikuwepo. Jirani yangu wa kitanda cha juu alisimama kando yangu na nakala ya pili. Ukurasa wa kwanza niliumaliza, ingawa polepole. Katika ukurasa wa pili nilikwama kwenye maneno Bwana Mwenyekiti, nikakwama kabisa. Hakunipokonya. Alingoja. Nilipomwashiria, akasoma aya ile moja, kisha akanyamaza, akaniachia nyingine. Nilisoma hadi mwisho. Ilichukua dakika nyingi kuliko risala yoyote ya chama hiki, na pale nyuma kulikuwa na wachache waliocheka. Baba hakusema kitu. Alinishika mkono tu, akaushika kwa muda mrefu.

Kabla yule mzee mpishi hajastaafu nilikwenda kumshukuru. Nilimwuliza kwa nini alinipa chapati siku ile, na kama alijua yaliyotokea ukumbini. Alishangaa.

"Ukumbini? Mimi sikujua mambo ya ukumbini," akasema. "Niliona tu mtoto hajakula."

Msomaji wangu, kigugumizi bado ninacho. Nimeandika insha hii kwa kalamu kwa sababu kalamu haigugumii. Lakini ukinikuta njiani, nisemeshe, nami nitakujibu. Nipe dakika chache tu. Nawe ukiwa na mzigo wako mahali fulani nyuma ya jiko, usidhani kwamba ni lazima upande kwanza ndipo uonekane. Aliye juu tuliambiwa tumngoje chini. Huyu hatukumngoja. Tulipofika chini tulimkuta ameshawasha moto.